Haibridi ya kuchomeka Nyanda za Juu Kusini: dalili, chanzo na pa kuanzia

Mwongozo huu ni wa mwenye haibridi ya kuchomeka, yaani gari la petroli na umeme linalochajiwa kwenye soketi: Mitsubishi Outlander PHEV au Toyota Prius PHV iliyotumika Japani, anayeishi au kupita kati ya mlima Kitonga na Tunduma, Tanzania. Kwenye magari haya, kinachoitwa ubovu mara nyingi ni moja ya mambo mawili. Ama gari linafanya vilevile lilivyoundwa, kwa maamuzi yaliyofikiriwa kwa matumizi ya miji ya Japani na si kwa kupanda Kitonga nyuma ya malori. Ama kosa liko nje ya mfumo mkubwa kabisa, kwenye soketi, eathi au betri ndogo ya volti 12. Betri kubwa ishukiwe mwisho, ingawa gereji nyingi huitaja kwanza. Ukianza nayo utatumia mamilioni kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Onyo moja kabla ya yote: waya za rangi ya chungwa chini ya gari na chini ya boneti zina umeme wa moja kwa moja wa volti 200 hadi 300 na zaidi. Fundi asiye na glavu za mpira za kuhimili volti 1,000, na asiyejua plagi ya kukatia umeme wa betri iko wapi, asiziguse. Hata plagi ikishachomolewa, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uende kwenye mota) inahitaji dakika 10 kumaliza umeme uliobaki ndani yake.

Umechomeka, chaji haiingii, au inaingia kisha inakatika

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapotoka, na karibu yote yanamalizikia ukutani badala ya kwenye gari.

Anza na kisanduku cha kebo. Japani wanatumia volti 100 na 200, sisi tunatumia 230. Geuza kisanduku usome kibandiko. Kikisema AC 100V peke yake, usikichomeke kabisa, hata kwa majaribio. Kikisema AC 200V peke yake, jua kwamba umeme wetu unaruhusiwa kupanda hadi takriban volti 253, na kisanduku hakikuahidiwa kubeba mzigo huo. Baadhi hufanya kazi kwa miezi kisha huungua usiku mmoja. Suluhisho la kudumu ni kununua kebo ya Aina ya 1, yenye kichwa cha pini 5, iliyoandikwa 230V na yenye kitufe cha kuchagua ampia kuanzia 6 hadi 16. Chaja iliyomo ndani ya gari ni jambo jingine, na nayo ina kibandiko chake. Kukata plagi ya Kijapani na kufunga plagi yetu ya pini tatu ni njia ya mkato inayounguza soketi: kebo ile inavuta hadi ampia 15 kwa saa nne mfululizo, na plagi yetu mwisho wake ni 13, tena kwa muda mfupi.

Kama ni lazima utumie soketi ya kawaida ya ukutani, weka kebo kwenye ampia 8 au 10, si zaidi. Baada ya nusu saa shika plagi. Joto la uvuguvugu ni sawa. Ikikufanya uondoe mkono, zima. Soketi yenye alama ya kahawia au harufu ya plastiki ibadilishwe siku hiyohiyo, na waya nyuma yake ukatwe hadi sehemu ya shaba inayong'aa. Ekstensheni iliyokunjwa kwenye gurudumu lake usiitumie hata kidogo.

Njia sahihi ni laini ya peke yake kutoka kwenye sakiti breka kuu: waya wa milimita 4 za mraba, breka ya ampia 20, kikata-umeme cha miliampia 30 cha aina A, na soketi ya bluu ya viwandani ya ampia 16. Kwa Outlander ya mwanzo, yenye betri ya kWh 12 (kWh moja ni uniti moja), chaji kamili inakula takriban uniti 10 za Luku. Kwa ampia 10 ni saa nne hadi tano. Kwa ampia 6 ni karibu saa saba. Prius PHV ya 2012 ina kWh 4.4 tu na inamaliza mapema. Ya 2017 ina kWh 8.8. Piga hesabu ya mwezi pia. Mteja aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, atalipita kundi hilo kwa chaji nane tu za Outlander.

Sasa eathi, maana hii ndiyo inayowachanganya watu. Visanduku vingi hukagua waya wa ardhini kabla ya kuruhusu umeme kupita. Kikikosa eathi kinawasha taa nyekundu na kukataa, na mwenye gari anaamini gari limekufa. Nyumba nyingi zina eathi rodi ya mita moja na kidogo iliyopigwa siku umeme unafungwa, kisha ikasahaulika. Kuanzia Juni hadi Oktoba udongo wa Iringa na Mbarali unakauka, na rodi iliyofanya kazi wakati wa mvua inaacha kufanya kazi. Dalili yake ni hii: chaji inaingia vizuri Februari, inagoma Septemba. Chukua maltimita, pima kati ya laini na nyutro, kisha kati ya laini na eathi. Vipimo viwili vikikaribiana, vizuri. Kipimo cha eathi kikisoma 90 au 120 na kuchezacheza, eathi hakuna. Mwite fundi mwenye kipimo maalumu cha eathi, aongeze rodi ya pili umbali usiopungua urefu wa rodi yenyewe, aziunge pamoja, na sehemu hiyo imwagiliwe wakati wa kiangazi. Usikubali fundi anayeunga eathi na nyutro ndani ya soketi ili taa nyekundu izimike. Siku nyutro ikikatika, bodi nzima ya gari inakuwa na umeme, na atakayeufungua mlango ni mtu wa nyumbani kwako.

Jenereta dogo na inveta ya sola vina tatizo lilelile: nyutro yake haijaungwa popote, kwa hiyo kisanduku kinasema hakuna eathi. Hapo gari halina kosa.

Chaji inayoanza vizuri alasiri na kukatika kati ya saa moja na saa nne usiku huwa inasababishwa na volti kushuka majirani wote wakipika. Ukipima soketi wakati huo na kukuta chini ya 200, hamishia chaji saa sita usiku au punguza ampia. Umeme ukikatika, zima breka ya laini ya gari na usubiri dakika tano baada ya kurudi. Mruko wa kwanza ndio unaoua visanduku. Kilinda umeme cha friji ni kidogo mno kwa kazi hii. Unahitaji cha ampia 30.

Na kuna chanzo kimoja ambacho fundi hawezi kukipata kwa maltimita: taima. Gari lilipokuwa Japani mwenyewe alipanga lichajiwe usiku, na saa ya gari mara nyingi bado ni ya huko, saa sita mbele ya yetu. Ikiwa limepangwa kuanza saa tano usiku na kuishia saa moja asubuhi kwa saa za Japani, huku kwetu litaanza saa kumi na moja jioni na kujizima saa saba usiku. Unachomeka saa nane usiku, halifanyi chochote. Ingia kwenye menyu ya chaji, tumia simu kutafsiri maandishi ya skrini, futa ratiba zote, kisha rekebisha saa.

Mwisho kabisa angalia kichwa cha kebo. Kile kitufe cha kubonyeza kikichakaa, gari halijui kwamba kichwa kimekaa, na linakatisha chaji ukikigusa tu. Vumbi la njia ya Chunya na nyigu wanaojenga ndani ya tundu vinatosha kuleta hali hiyo. Puliza kwa hewa kavu, usitie grisi.

Betri imejaa lakini injini inawaka asubuhi

Mwezi wa saba Makete, Njombe au Mafinga, mwenye gari anatoka na chaji kamili, na injini inanguruma kabla hajafika getini. Anadhani betri imechoka. Angalia kwanza kitufe cha joto.

Huu ni uamuzi wa watengenezaji. Prius PHV ya kizazi cha kwanza haina njia ya kupasha joto chumba bila maji moto ya injini, kwa hiyo ukiomba joto umeomba injini. Outlander za Japani za daraja la chini ziliuzwa bila hita ya umeme; ilikuwa ni nyongeza ya kulipia. Prius PHV ya 2017 ina kiyoyozi kinachoweza kuvuta joto kutoka hewa ya nje, hivyo inavumilia baridi yetu yote kwa umeme, ila kitufe cha kufuta ukungu wa kioo cha mbele kinaweza kuiwasha injini.

Kujua, zima kiyoyozi chote, kisha washa gari. Kama injini inabaki kimya, hakuna cha kutengeneza. Vaa sweta, tumia joto la kiti kama lipo, na futa ukungu kwa kiyoyozi cha kawaida bila joto. Kama injini bado inawaka, fuata vyanzo vingine: umekanyaga pedali kwa nguvu kupita kiwango, au mafuta kwenye tanki yamezeeka. Outlander ina kumbukumbu ya siku za mwisho ulizojaza. Ukiendesha kwa umeme tu kwa takriban miezi mitatu, inaanza kuiwasha injini yenyewe ili petroli isioze na sehemu zisishike kutu. Tiba ni kutia lita 15 hadi 20 kwa mkupuo. Lita tano tano hazitoshi kuifuta kumbukumbu hiyo. Outlander za kuanzia 2017 zina kitufe cha kulazimisha umeme, lakini hata hicho hakishindi joto na mafuta ya zamani.

Injini inayowaka dakika tatu na kuzimwa kila asubuhi ya baridi haipati moto wa kutosha. Mvuke na petroli vinabaki kwenye oili. Fungua kifuniko cha kujazia oili. Ukiona utando mweupe kama maziwa, na kulanti haipungui, ni unyevu tu. Kwa magari haya badilisha oili kila miezi sita hata kama injini imefanya kilomita 2,000 peke yake. Prius ya 1.8 inachukua lita 4.2 za 0W-20 pamoja na filta. Na mara moja kwa wiki ipe injini safari ya nusu saa bila kuzimwa.

Mlimani injini inapiga kelele, kasi haipo

Kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Iringa mjini unapanda takriban mita 1,000. Kunyanyua gari la kilo 2,200, yaani Outlander na abiria wake, mita hizo elfu kunahitaji kWh 6, kabla hujahesabu msuguano, upepo na umeme unaopotea kwenye mota. Betri ya kWh 12 haikupi 12. Gari linajiwekea akiba ya karibu asilimia 30, hivyo unabaki na takriban 8.4 likiwa jipya, pungufu likizeeka. Kwa hiyo kipande kile kinaweza kuimaliza betri iliyojaa. Kutoka Kyela, iliyo karibu mita 500 juu ya bahari, hadi Isongole iliyo juu ya 2,000, ni kWh 9 za kunyanyua tu. Outlander hii ya kWh 12 haitafika kwa umeme pekee.

Betri ikiisha katikati ya mlima, ndipo maafikiano ya muundo yanapoonekana. Outlander haina giaboksi ya kawaida. Chini ya kilomita 65 hivi kwa saa injini haiungani na magurudumu. Inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota mbili za kilowati 60 kila moja. Ukiwa nyuma ya lori kwa kilomita 25, injini inanguruma kwa mwendo usiolingana na kasi yako, kwa sababu inalisha mota na kujaza betri kwa pamoja. Kelele hiyo ni ya kawaida. Zaidi ya hapo, injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, wakati mota ya umeme haipotezi kitu. Ndiyo maana gari lilelile linapaa likiwa na chaji na linazubaa likiisha. Ikitokea alama ya kobe kwenye dashibodi, gari limepunguza nguvu kujilinda: simama mahali salama, acha injini iwake dakika 15, betri ijae kidogo.

Kinga yake ni nyepesi. Ukitoka Morogoro, bonyeza kitufe cha kuhifadhi chaji (Save) ukiwa bado na betri, au cha kuchajisha (Charge) kwenye tambarare kabla ya Ruaha Mbuyuni, ili ufike chini ya mlima ukiwa na nusu au zaidi. Kwenye Prius PHV badilisha kutoka EV (umeme tu) kwenda HV (injini na umeme) mapema, umeme ubaki kwa ajili ya mlima.

Lakini kelele ikiambatana na taa ya joto au ya mfumo wa haibridi, usiendelee. Prius ina radieta mbili za maji: ya injini na ya inveta, kila moja na chupa yake. Gari likiwa READY (neno hilo limewaka kwenye dashibodi, gari tayari kuondoka), fungua chupa ya inveta utazame: maji lazima yawe yanazunguka. Yakiwa yametulia, pampu yake ya umeme imekufa, na inveta itajizima mlimani. Pampu ni sehemu ya bei ndogo. Inveta si ya bei ndogo.

Mteremkoni breki ya mota haishiki

Umechaji usiku kucha Tukuyu, asubuhi unashuka Kyela. Kilomita chache tu, unapovuta hadi B5 (kukaba kwa mota kwenye Outlander) au kuweka B (kwenye Prius), gari halipungui kasi. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme, kwa hiyo mota haiwezi kukaba. Prius huzungusha injini bila mafuta ili kumeza nguvu hiyo, ndiyo kelele unayoisikia. Kazi yote inahamia kwenye pedi, na pedi zikipata moto breki inalegea.

Anayelala juu na kuteremka asubuhi asijaze betri. Acha robo tupu. Hili nalipa uzito kuliko mengine yote humu, maana Kitonga, Iwambi na mteremko wa Busokelo hazimsamehei mtu aliyezoea kushikwa na mota.

Jirani yake ni kutu. Kwa kuwa mota ndiyo inayokaba siku nyingi, diski hukaa bila kuguswa, na wakati wa mvua zinashika kutu hadi pini za kalipa kuganda. Kila wiki, barabara ikiwa wazi, weka N kwa sekunde chache kwenye kasi ya 50 na ukanyage breki kwa nguvu mara mbili tatu. Kila mwaka pini zitolewe, zisuguliwe, zipakwe grisi ya breki.

Taa zote zinawaka, gari haliingii READY

Usimpigie muuza betri kubwa. Pima betri ndogo ya volti 12. Gari likiwa limezimwa: 12.6 ni nzima, chini ya 12.0 ni tupu, na karibu 11 kompyuta zinaanza kutoa makosa ya uongo kwa makundi. Likiwa READY inapaswa kusoma 13.5 hadi 14.5, ikibaki 12, kibadilisha umeme kinachoijaza ndicho chenye shida.

Betri hiyo katika Prius ya 2012 iko kwenye buti, aina S46B24R, yenye mrija wa kutolea gesi nje. Mafundi wengi hufunga betri ya maji ya kawaida mahali pake kwa kuwa ni nafuu. Inatoa hidrojeni ndani ya gari lenye watu. Nunua iliyofungwa, na mrija uunganishwe. Kuamsha gari, tumia ncha iliyo kwenye sanduku la fyuzi chini ya boneti. Haibridi yako isitumike kuamsha lori la jirani; si kazi yake.

Kilomita za umeme zimepungua

Namba ya 60.2 iliyoandikwa kwa Outlander ya 2013 ni ya kipimo cha Kijapani cha JC08. Kwenye milima yetu, 35 hadi 45 ni afya njema. Namba inayoonekana asubuhi hutegemea ulivyoendesha jana. Ukitoka Isongole kushuka utaona nyingi, ukipanda utaona chache, na betri ni ileile.

Ukitaka ukweli, nunua kifaa kidogo cha OBD (kinachosoma kompyuta ya gari) cha Bluetooth na uweke programu ya PHEV Watchdog kwa Outlander, au Dr. Prius kwa Toyota. Outlander mpya husoma karibu Ah (ampia-saa) 38. Gawa unachosoma kwa 38: Ah 30 ni asilimia 79. Kisha, kati ya seli zake 80, tazama tofauti kati ya yenye volti nyingi zaidi na yenye chache zaidi. Tofauti ya volti 0.02 ni kawaida. Seli moja ikibaki nyuma kwa kiwango kikubwa kila ukipima, hapo ndipo mazungumzo ya betri kubwa yaanze. Fanya kipimo hiki kabla ya kununua gari, si baada.

Kwenye Prius safisha pia tundu la feni ya betri pembeni ya kiti cha nyuma. Vumbi la rafu rodi na mizigo inayowekwa juu yake huziba hewa, betri inapata joto, gari linaipunguzia kazi.

Prius inatetemeka inapowaka asubuhi

Injini ya 1.8 inatikisika kama inapiga mawe kwa sekunde chache, kisha inatulia. Usiishie kwenye plagi na koili. Njia ya kurudisha moshi, ile ya EGR, huziba masizi kwenye kipozeo chake; silinda zinapata joto lisilo sawa, na gasketi ya hedi inaanza kupitisha kulanti. Pima kiwango cha kulanti injini ikiwa baridi kwa wiki mbili. Kikishuka bila kuvuja nje, acha kuendesha na upime gasketi. Kama hakijashuka, kipozeo na vali vitolewe visafishwe sasa. Kila kilomita 100,000 ni kipindi cha busara.

Likikwama

Outlander PHEV na Prius PHV ya 2017 hazikuja na tairi la spea, bali dawa ya kuziba na kompresa. Msumari inaziba, ukuta wa tairi uliopasuliwa na jiwe njia ya Ludewa haizibi. Tafuta rimu ya ukubwa uleule, uifunge imara kwenye buti, na ubebe jeki, kwani mara nyingi nayo haimo.

Outlander haivutwi kwa kamba, wala kwa kunyanyua magurudumu ya mbele tu, kwa sababu kila ekseli ina mota yake na gurudumu likizunguka linazalisha umeme. Unapopiga simu, sema wazi kwamba unahitaji lori la jukwaa, magurudumu yote manne juu. Prius inaweza kuvutwa ikiwa magurudumu ya mbele yamenyanyuliwa. Gari likikataa kuondoka P kwa sababu betri ndogo imekufa, iamshe hiyo kwanza, weka N, ndipo lipandishwe.